Kwa nini wahafidhina wa Marekani wanagombana kuhusu vita?

Juni 2025, siku chache kabla ndege za Marekani hazijashambulia vituo vya nyuklia vya Iran, mtangazaji Tucker Carlson alimhoji seneta Ted Cruz wa Texas. Akamuuliza swali dogo tu: Iran ina watu wangapi? Cruz, ambaye alikuwa anatetea kuangushwa kwa serikali ya nchi hiyo, hakuwa na jibu. Kipande hicho cha video kikasambaa mitandaoni.

Wengi walicheka. Lakini wote wawili ni wahafidhina, na wote walimuunga mkono Donald Trump. Sasa ugomvi umetoka wapi?

Sauti ya zamani

Ukisoma maoni ya wahafidhina wa Marekani kuhusu vita na usalama wa taifa, utakutana na sauti zaidi ya moja. Ya zamani inasema: tusijiingize katika vita vya watu. Mwaka 1940 iliundwa Kamati ya America First kuizuia Marekani isiingie Vita vya Pili vya Dunia. Ilivunjwa baada ya Japan kushambulia Pearl Harbor, Desemba 1941. Hata hivyo, mwaka 1949 seneta wa Republican Robert Taft bado alipiga kura kupinga mkataba wa NATO.

Vita Baridi ikaizima sauti hiyo. Jarida la National Review, lililoanzishwa na William F. Buckley mwaka 1955, liliwashawishi wahafidhina wengi kwamba Marekani lazima ipambane na ukomunisti duniani kote.

Baadaye wakaja wahafidhina mamboleo. Hawa wengi walitokea mrengo wa kushoto. Irving Kristol, anayetajwa kama baba yao, ujanani alikuwa mfuasi wa Trotsky. Uwanja wao ulikuwa jarida la Commentary, chini ya mhariri Norman Podhoretz.

Humo ndimo Jeane Kirkpatrick, profesa wa siasa, alipoandika mwaka 1979 kwamba Marekani inakosea kuwatupa madikteta ambao ni marafiki zake, maana wanaokuja baada yao huwa wabaya zaidi. Ronald Reagan akaisoma makala hiyo, akaipenda, na mwaka 1981 akamteua mwandishi wake kuwa balozi Umoja wa Mataifa. Yaani makala moja ikamfungulia mtu mlango wa serikali. Watu wa Zaire waliiona fikra hiyo ikitenda kazi: Mobutu Sese Seko alipokelewa Ikulu ya Washington na Reagan kama rafiki.

Iraq ndiyo iliyowapasua

Mwaka 1995 William Kristol, mtoto wa Irving, alishiriki kuanzisha jarida la Weekly Standard. Miaka miwili baadaye yeye na Robert Kagan wakaunda kikundi cha kushinikiza Marekani itumie nguvu zake zaidi. Januari 1998 kikundi hicho kilimwandikia barua Rais Bill Clinton kikitaka Saddam Hussein aondolewe. Miongoni mwa waliosaini walikuwa Donald Rumsfeld na Paul Wolfowitz. Vita ya Iraq ilipoanza Machi 2003, Rumsfeld alikuwa waziri wa ulinzi na Wolfowitz naibu wake.

Waliopinga hawakunyamaza. Pat Buchanan, aliyewahi kufanya kazi Ikulu za Nixon na Reagan, alishiriki kuanzisha The American Conservative mwaka 2002, akionya kwamba vita hiyo ni kosa. Majibu yalikuwa makali. David Frum, aliyekuwa mwandishi wa hotuba za George W. Bush, aliandika katika National Review kwamba wahafidhina wa aina hiyo si wazalendo. Kwa mhafidhina, hilo ni tusi zito kuliko yote.

Silaha za maangamizi hazikupatikana. Wanajeshi zaidi ya 4,400 wa Marekani walikufa, na raia wa Iraq waliokufa ni wengi mno kuliko hao. Mwaka 2006 Buckley mwenyewe akaandika kwamba mpango wa Iraq umeshindwa.

Bila kuelewa kidonda hicho huwezi kumwelewa Trump. Februari 2016, kwenye mdahalo wa Republican huko South Carolina, alisema waziwazi kwamba vita ya Iraq ilikuwa kosa kubwa. Ukumbi ukamzomea. Siku chache baadaye alishinda jimbo hilo. Weekly Standard, lililompinga, lilifungwa Desemba 2018.

Ipo pia sauti ya tatu, ambayo haichukii vita bali inahesabu risasi. Msemaji wake mkubwa ni Elbridge Colby, ambaye sasa ni ofisa wa juu Pentagon. Hoja yake: hatari kubwa ni China, kwa hiyo nguvu zisitawanywe kwingine. Aprili 2024 Baraza la Wawakilishi lilipopigia kura msaada wa karibu dola bilioni 61 kwa Ukraine, wabunge 101 wa Republican walikubali na 112 wakakataa.

Na huku kwetu?

Mwaka 2003, mwaka uleule wa Iraq, Bush huyohuyo alianzisha PEPFAR, mpango wa kupambana na Ukimwi. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwa kati ya nchi 15 za mwanzo. Kwa wahafidhina wa wakati wake, misaada ilikuwa sehemu ya usalama wa taifa. Wale wa Marekani Kwanza wanaiona ni hela ya mlipakodi inayopotea. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Trump aliamuru misaada ya nje isitishwe kwa siku 90, na kliniki za Ukimwi zikaingia kwenye sintofahamu.

Lakini usidhani Marekani Kwanza maana yake ni kukaa nyumbani. Desemba 2020 Trump aliamuru karibu wanajeshi wote wa Marekani, takriban 700, waondoke Somalia. Mei 2022 Joe Biden akaidhinisha warudi, wasiozidi 500. Na Februari 1, 2025, siku 12 tu baada ya kuapishwa tena, Trump aliagiza ndege za Marekani zishambulie wapiganaji wa IS kwenye milima ya Golis, kaskazini mwa Somalia.