Milimita 67

Bandugu, kila mtu wa Likasi anajua reli, lakini wachache wanajua upana wake: milimita 1067. Kipimo hicho hakikuzaliwa kwetu. Kilitoka kusini, ku reli za Cape, kikafika Élisabethville mu 1910 na Kambove mu 1913. Kwa sababu ya upana ule mmoja, shaba yetu iliweza kushuka mpaka Beira, na tangu 1931 mpaka Lobito, bila kuhamishwa toka wagoni moja kwenda ingine.

Kaskazini ya Katanga ilikuwa habari ingine. Reli ya Kabalo–Albertville (Kalemie ya leo), iliyofika ziwani mu 1915, ilijengwa kwa upana wa mita moja. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini gurudumu halijui "karibu sawa". Mu 1955 njia ile ikapanuliwa, na mu 1956 Kabalo ikaungwa na Kamina. Ndipo reli zikawa moja.

Kwa nini naleta hadithi ya vyuma vya zamani? Sababu akili bandia, ile tunaita IA, imepita paka njia ile. Ajenti wa IA hajibu maswali tu: anafungua faili, anasoma hali ya hewa, anatuma barua. Mbele, kila programu ilihitaji kiungo chake kwa kila chombo. Programu 5 na vyombo 10, ni viungo 50. Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ikatoa Model Context Protocol, kipimo wazi ambacho kila mtu anaweza kutumia. Mu 2025 washindani wake, OpenAI na Google, wakakikubali. Hesabu ile ile sasa ni viungo 15.

Lakini tusijidanganye. Kipimo cha pamoja kinafungua njia, hakichagui mzigo. Wagoni zetu zilitoka na shaba, zikaingia na unga wa mahindi wa Rhodesia. Mimi agronome, hiyo inaniuma.

Leo vipimo vingi vya udongo wetu vinalala mu makaratasi. Kipimo ni wazi, hakilipishwi. Vijana wawili watatu wanaojua kuandika programu wanaweza kuviunganisha. Tusipofanya, ajenti atafika kwa mkulima wa Kambove vilevile, ila na mashauri ya udongo wa wengine. Njo unga ule ule, umerudi mu wagoni mpya.