Kamati ya NCPAC na Uchaguzi wa Seneti ya Marekani wa Mwaka 1980

Katika uchaguzi wa tarehe 4 Novemba 1980, chama cha Republican kilitwaa wingi wa viti katika Seneti ya Marekani kwa mara ya kwanza tangu kilipoupoteza mwaka 1954. Miongoni mwa maseneta wa chama cha Democrat walioangushwa walikuwamo wanne walioandamwa tangu mwaka 1979 na kikundi cha kihafidhina kilichojulikana kwa kifupi kama NCPAC. Kikundi hicho kilijitangaza kuwa ndicho kilichowaangusha, na vyombo vingi vya habari vilikubali dai hilo pasipo kulipima.

NCPAC ilianzishwa mwaka 1975 na vijana wahafidhina, akiwamo John Terry Dolan aliyekuja kuiongoza. Nguvu yake ilitokana na sheria kuliko wingi wa wafuasi. Baada ya kashfa ya Watergate, sheria ya mwaka 1974 iliziwekea kamati za aina hiyo kikomo cha dola 5,000 kwa kila mgombea katika kila uchaguzi. Hata hivyo, katika shauri la Buckley dhidi ya Valeo la mwaka 1976, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba fedha zinazotumiwa bila kushauriana na mgombea haziwezi kuwekewa kikomo. Dolan aliuona mwanya huo mapema. Fedha zilichangishwa kwa barua zilizotumwa majumbani, kisha zikalipia matangazo ya kumshambulia seneta aliye madarakani, hata kabla mpinzani wake hajajulikana. Mwaka 1980 Dolan aliliambia gazeti la Washington Post, bila haya, kwamba kikundi kama chake kingeweza kusema uongo na mgombea kinayemfaidisha akabaki safi.

Jimbo la Idaho linaonesha jinsi kauli hiyo ilivyotekelezwa. Tangazo moja dhidi ya Seneta Frank Church lilionesha mashimo matupu ya makombora ya Titan, likidokeza kwamba yeye alidhoofisha ulinzi wa taifa. Ukweli ni kwamba makombora hayo yaliondolewa kwa kuwa yalikuwa yamepitwa na wakati, na nafasi yake ikachukuliwa na yale ya Minuteman. Church alishindwa na Steve Symms kwa kura zipatazo 4,000 tu kati ya zaidi ya 430,000. Katika pengo jembamba kiasi hicho, ni vigumu kukana kwamba matangazo yangeweza kuamua matokeo. Lakini hoja hiyohiyo inafaa kwa sababu nyingine pia: Church alikuwa amechukiza wengi kwa kutetea mikataba ya Mfereji wa Panama na kwa kuchunguza idara za ujasusi, Ronald Reagan alizoa karibu theluthi mbili za kura za jimbo hilo, na Rais Jimmy Carter alikubali kushindwa wakati vituo vya Idaho vilikuwa bado wazi.

Kwingineko dai la NCPAC ni dhaifu zaidi. Huko South Dakota, George McGovern alizidiwa na James Abdnor kwa takribani asilimia 19 ya kura, pengo ambalo matangazo peke yake hayawezi kulieleza. Birch Bayh wa Indiana na John Culver wa Iowa walianguka katika majimbo ambayo Reagan alishinda kwa urahisi, ilhali Alan Cranston wa California na Thomas Eagleton wa Missouri, ambao nao walilengwa, walirudi bungeni.

Mwaka 1981 kamati hiyo ilimgeukia Paul Sarbanes wa Maryland. Seneta huyo aliyatumia mashambulizi hayo kuchangisha fedha zake mwenyewe, akashinda mwaka uliofuata kwa zaidi ya asilimia 60. Wapiga kura walikuwa wameshamjua mshambuliaji kwa jina, na jina lenyewe likawa mzigo kwa waliodhaniwa kunufaika nalo.

Mahakamani mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1985, NCPAC ikiwa imekwisha kupoteza makali yake majimboni, Mahakama Kuu iliamua kwa faida yake na kufuta kikomo cha dola 1,000 ambacho kamati kama hizo zilikuwa zimewekewa katika kumsaidia, bila kushauriana naye, mgombea urais aliyepokea ruzuku ya serikali. Dolan alifariki Desemba 1986.