Kituo cha Gari la Kamba

Mwaka 2019 Serikali ya Tanzania iliposema inafikiria kujenga usafiri wa kuning'inia angani katika Mlima Kilimanjaro kwa ajili ya watalii, wapagazi na waongoza watalii walihofia riziki zao. Mjadala ulikuwa mkali, lakini chombo chenyewe hakikuwa na jina moja. Huyu aliandika "kebo", yule "gari la waya", mwingine "gari la kamba". Mimi nachukua hilo la mwisho. Ukisema waya, msomaji atawaza umeme, ilhali kinachovuta behewa ni nyuzi za chuma zilizosokotwa pamoja, na hiyo ni kamba hasa.

Istilahi ninayotaka kuifafanua zaidi ni ya mahali abiria wanapopandia na kushukia. Stesheni limezoea reli, na libaki huko. Kituo limetokana na kutua: ndege hutua, na mwenye mzigo kichwani huutua. Kwa watu wa milimani, wanaopanda na kushuka wamebeba, hilo ndilo neno stahiki.

Kamba ya chuma ina tabia moja inayoamua karibu kila kitu. Barabara huuzunguka mlima, reli hupinda, lakini kamba iliyotandazwa kati ya vituo viwili, ukiitazama kutoka juu, imenyooka. Njia ikitakiwa kugeuka, kwa kawaida hugeukia ndani ya jengo. Humo behewa huiachia kamba, hupunguza mwendo hadi ule wa mtu anayetembea, watu wakashuka na wengine wakapanda, kisha hushika tena kamba na kutoka kwa upande mpya. Jengo la namna hiyo tuliite kituo cha kona. Anayechagua mahali pa kukijenga ameshachagua njia nzima: nani atapata usafiri mlangoni, na nani atapitiwa juu ya paa mchana kutwa bila kufaidika.

Mfano mzuri uko Bolivia. Jiji la La Paz limekaa bondeni, mita 3,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na El Alto limetandaa juu yake kwenye uwanda wa mita 4,000 na ushei. Mstari Mwekundu wa Mi Teleférico, mtandao wa magari ya kamba unaounganisha miji hiyo miwili, ulifunguliwa Mei 2014, kwa mabehewa ya watu 10 kila moja. Kituo cha chini kilijengwa penye stesheni ya zamani ya treni. Cha juu kikawekwa penye soko la 16 de Julio, linalofurika kila Alhamisi na Jumapili, na kwa Kiaymara kinaitwa Jach'a Qhathu, yaani soko kubwa. Wachuuzi walikuwa wakienda huko tangu zamani. Kituo ndicho kilichowafuata. Huo ndio uteuzi wa mahali ninaoupenda.

Medellín, Kolombia, ilitangulia mwaka 2004 kwa kuunganisha mtaa wa mlimani wa Santo Domingo Savio na metro iliyo bondeni. Abiria hubadilisha usafiri kituoni Acevedo, pale pale metro inaposimama.

Makosa huanzia kwenye ramani. Mpangaji huchora duara la mita 500 kuzunguka kituo na kuhesabu waliomo wote kuwa wamehudumiwa. Mlimani mita 500 zinaweza kuwa ngazi mia kadhaa, korongo katikati, na mvua ikinyesha hakupitiki. Pimo la haki ni dakika za kupanda, na apimwe mama mwenye mtoto mgongoni au mzee mwenye mkongojo. Udongo nao uulizwe mapema. Februari 2011 maporomoko yalibomoa mamia ya nyumba mjini La Paz kwenyewe, na jengo linalobeba mvuto wa kamba nzito halipaswi kusimama juu ya mteremko unaotembea.

Kwa hiyo, ndugu mtafsiri, ripoti ya mradi wa namna hii ikikufikia mezani, andika "kituo", andika "kituo cha kona", na usiruhusu "eneo la mradi" lisimame peke yake. Taja soko, njia ya miguu na ngazi zinazofika hapo kwa majina wanayoyatumia wenyeji, ili wakisoma wajue ni mlango wa nani unaozungumziwa, na waweze kukataa au kukubali kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa.