Moyo Ukichafuka

Waswahili husema moyo umechafuka. Mtu aliye ndani ya basi linaloteremka kona za Mai Mahiu hamwambii makanga habari za tumbo, anamwambia, "Moyo unanichafuka, hebu nifungulie dirisha." Wagiriki wa kale nao walilitoa neno lao la kichefuchefu katika neno la meli. Kwetu ni moyo, kwao ni bahari. Tumbo halikutajwa kokote, na kwa kweli wazee hao hawakuwa mbali na ukweli.

Watu wengi hudhani mfuko wa tumbo ndio unaotapika. La, wenyewe hulegea tu. Kwanza mate hujaa kinywani, yakisaidia kuyakinga meno na asidi iliyo njiani. Utumbo mwembamba husukuma vilivyomo kwenda juu, kinyume na kazi yake ya kila siku. Mtu huvuta pumzi, njia ya hewa hufungwa, kisha msuli ulio chini ya mapafu na ile ya fumbatio hubana kwa pamoja. Mfuko wa tumbo hukamuliwa kama ndimu.

Amri hutoka kwenye ubongo, pale chini unapokaribia uti wa mgongo. Ubongo nao hupokea habari kutoka pande kadhaa. Sikio la ndani, lenye kazi ya kutuweka wima, hulalamika pale macho yanaposema tumetulia ilhali mwili unayumbishwa. Utumbo ukionja sumu humwaga serotonini, na mshipa mrefu wa fahamu hupeleka habari juu. Tena kuna kiraka kidogo kwenye ubongo ambacho huonja damu moja kwa moja, kwa kuwa hakina ule ukuta unaozuia sumu kuingia kwingineko. Herbert Borison na S. C. Wang, watafiti waliofanya kazi Marekani, ndio walioeleza vizuri kazi ya kiraka hicho miaka ya 1950.

Kwa hiyo dawa ya kutapika haitibu tumbo. Inamzuia mjumbe njiani. Dawa za safari huziba njia ya histamini, ile inayotoka sikioni. Metoklopramidi, ambayo wengi wetu tunaijua kama Plasil, huziba dopamini. Ukimpa mtu dawa ya mlango usiohusika, ataendelea kutapika, na hapo utasikia watu wakisema anadeka.

Historia ya dawa hizi imejaa watu walioambiwa hivyo. Mwaka 1947, huko Baltimore, Leslie Gay na Paul Carliner wa Johns Hopkins walikuwa wakijaribu dawa ya mzio. Mwanamke mmoja mjamzito, aliyekuja kwa sababu ya vipele vya kuwasha, aliwaambia jambo ambalo hawakuwa wamemuuliza: tangu aanze kuimeza, tramu haimtapishi tena, na maisha yake yote ilikuwa ikimtapisha. Wangeweza kumpuuza. Badala yake walimpa vidonge visivyo na dawa, kichefuchefu kikarudi. Wakampa dawa, kikatoweka. Mwishoni mwa 1948 waliijaribu kwa mamia ya wanajeshi waliokuwa wakivuka Atlantiki kwa meli ya General Ballou. Ndiyo iliyokuja kuuzwa kama Dramamine. Jina la mwanamke yule halimo katika hadithi inayosimuliwa.

Miaka kumi baadaye ukaja msiba. Tarehe 1 Oktoba 1957, kampuni ya Chemie Grünenthal ilianza kuuza thalidomaidi huko Ujerumani Magharibi kama dawa ya usingizi, salama kabisa ati, hata cheti cha daktari hakikuhitajika. Wanawake wenye mimba changa waliimeza kutuliza kichefuchefu, katika majuma yaleyale ambapo mikono na miguu ya mtoto inaumbwa. Widukind Lenz kule Hamburg na William McBride kule Sydney walipiga kelele mwaka 1961, na dawa ikaondolewa madukani Ujerumani mwezi Novemba. Kufikia hapo watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wamedhurika. Marekani iliponea chupuchupu kwa sababu Frances Kelsey, mkaguzi wa dawa wa serikali, alikataa kuipitisha bila ushahidi wa kutosha, hata kampuni ilipomsumbua mara kwa mara.

Baada ya hapo hofu ikatawala, na hofu nayo ina bei yake. Bendectin, dawa ya kichefuchefu cha mimba, iliondolewa soko la Marekani mwaka 1983 kwa sababu ya kesi mahakamani, ingawa utafiti haukuonyesha kwamba inadhuru watoto. Mchanganyiko uleule ulirudi mwaka 2013. Katika hiyo miaka thelathini, wajawazito wangapi waliambiwa wavumilie? Na katika karne hiyohiyo walikuwapo madaktari walioandika kwamba mwanamke anayetapika sana moyoni mwake anaikataa mimba. Yaani mgonjwa ndiye aliyepewa lawama.

Jibu la maana lilichapishwa Desemba 2023. Marlena Fejzo, mtafiti aliyewahi kupoteza mimba mwaka 1999 kwa ugonjwa huo wa kutapika kupita kiasi, na wenzake walionyesha kwamba homoni iitwayo GDF15, inayotoka kwa mtoto na kondo, hupanda hadi ubongoni na kuleta kichefuchefu. Wanaoumia zaidi ni wale ambao miili yao ilikuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo kabla ya mimba. Hakuna cha kudeka hapo.

Kwangu mimi suala hili lilifika nyumbani kupitia kansa. Mama yangu mdogo alitibiwa kwa sisplatini, dawa iliyokubaliwa Marekani mwaka 1978, inayoua uvimbe vizuri na ambayo bila kinga humtapisha karibu kila anayepewa. Ilikuwa hospitali moja ya Nairobi. Siku ya kwanza duka lao la dawa halikuwa na ondansetroni, akaambiwa ajikaze. Alitapika siku mbili, kisha akatuita kando ya kitanda: "Wanangu, mimi sirudi huko. Afadhali hiyo kansa yenyewe."

Hakuwa mwoga, aliwahi kujifungua watoto watano nyumbani. Tuliinunua wenyewe. Mara ya pili alipewa kabla ya dripu kuanza, na jioni akauliza kama kuna uji.

Ondansetroni ilizaliwa kwa sababu madaktari waligundua kwamba metoklopramidi kwa dozi kubwa ilifanya kitu kingine: iliziba serotonini. Watafiti wa Glaxo, Uingereza, wakatafuta dawa ya kuziba mlango huo pekee, na Marekani ikaikubali mwaka 1991. Leo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Orodha lakini haitapiki. Anayetapika ni mtu, na kama dawa haipo kabatini siku ya dripu, anaweza kuacha matibabu ambayo yangemponya, halafu tuseme kansa ilimshinda.