Nasaba Zilizofungiwa Ndani ya Disketi

Nasaba ya ukoo iliyoingizwa kwenye kompyuta miaka ya 1980 au 1990 imo hatarini kuliko iliyoandikwa kwa wino. Daftari la ubatizo la misheni husomwa na yeyote ajuaye kusoma, ilimradi mchwa hawajalifikia. Disketi ya mwaka 1995 inahitaji mashine iliyo adimu sasa, na mara nyingi programu iliyokwisha kusahaulika.

Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kumbukumbu hizo zina uzito wa pekee, kwa sababu watu wamehamahama sana. Kwa mfano, Igawa, iliyo kando ya barabara kuu ya Zambia wilayani Mbarali, imo katika nchi ya Usangu. Katika karne ya 19 Wasangu wa machifu akina Merere walipigana na Wahehe wa chifu Munyigumba na kisha wa mwanawe, Mkwawa, wakasukumwa hadi Usafwa, na hawakurejea kwao mpaka wakati wa Wajerumani. Baadaye Wabaluchi nao walifanya makazi Usangu. Miaka ya 1970 ikaleta Operesheni Vijiji na reli ya TAZARA. Ukoo mmoja sasa una matawi Mbeya, Iringa, Dar es Salaam na ng'ambo, na mara nyingi karatasi ya majina ndiyo kiungo pekee kati ya matawi hayo.

Kompyuta ilichelewa kuwafikia watu wa kawaida. Serikali ilipata ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, lakini mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, na zuio hilo lilianza kulegezwa miaka ya 1980. Zilizofuata zilikuwa za MS-DOS, zenye programu kama WordStar, WordPerfect na dBase. Huko Marekani, mwaka 1984, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lilitoa programu ya nasaba iitwayo Personal Ancestral File, pamoja na GEDCOM, muundo wa kubadilishana data za koo. Programu hiyo iliachwa mwaka 2013. GEDCOM ingali hai, kwa kuwa ni maandishi ya kawaida yanayofunguka kwenye kompyuta yoyote.

Uokoaji huanza na disketi yenyewe. Ile ya inchi 3.5 kwa kawaida hubeba MB 1.44 tu, na Sony iliacha kuitengeneza mwaka 2011. Kisomaji chake cha USB bado hupatikana. Ya inchi 5.25 huhitaji kompyuta ya zamani, au kiendeshi chake kilichounganishwa na kifaa kama KryoFlux, kinachosoma usumaku wenyewe. Kwanza disketi hufungwa isiandikike: ya 3.5 kwa kuacha kitundu wazi, ya 5.25 kwa kuziba pengo la pembeni. Kisha disketi nzima hunakiliwa, na kazi yote hufanyika kwenye nakala.

Baada ya hapo hufuata maandishi, na hapa wengi hukata tamaa bila sababu. WordStar, iliyotoka mwaka 1978, iliongeza 128 kwenye namba inayowakilisha herufi ya mwisho ya neno. Faili lake likifunguliwa kwenye Windows, “baba” huweza kuonekana kama “babá”, “ukoo” kama “ukoï”, “mjukuu” kama “mjukuõ”. Kwa kuwa karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, ukurasa mzima huonekana umeharibika, ilhali hakuna herufi iliyopotea. Programu ndogo inayotoa hiyo 128 huyarejesha maneno yote. Mafaili ya WordPerfect ni mepesi zaidi, maana programu ya LibreOffice huyafungua bila malipo.

Kazi ngumu zaidi ni ya maana. Programu za kigeni hudhani baba na mwana wana jina moja la mwisho. Mtu anayetumia jina lake, la baba na la babu huangukia ukoo tofauti na wa babaye kwenye orodha ya programu hizo. “02” haisemi ni mwaka wa karne gani. Baba mdogo huandikwa “baba”, na watoto wa wake wawili huorodheshwa chini ya mume bila kutaja mama zao. Hakuna kompyuta inayoweza kurekebisha hayo. Anayeweza ni mzee aliyewajua watu hao.

Waingereza nao walipatwa na mkasa huu. Mwaka 1986 BBC iliadhimisha miaka 900 ya Domesday, kitabu cha sensa ya mwaka 1086, kwa kukusanya habari za maisha ya nchi nzima kwenye diski za leza. Kufikia 2002 mashine za kuzisoma zilikuwa adimu, na ikabidi watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan waige mashine hiyo kwa programu. Kitabu chenyewe kilikuwa kingali kinasomeka.

Kwa hiyo nasaba iliyookolewa ihifadhiwe kwa GEDCOM au maandishi ya kawaida, nakala zikae kwa ndugu wa miji tofauti, na moja ichapwe kwenye karatasi. Mwenye disketi kabatini aipeleke ikasomwe mwaka huu, wakati wazee wa kusahihisha majina wangali hai.