Kupokelewa si Kufika Kikashani

Kampuni ikituma barua pepe 1,000 kwa wateja inaowatafuta, programu yake inaweza kuonyesha kwamba zote zimepokelewa. Taarifa hiyo ni ya kweli, lakini haisemi ni ngapi zilizoingia kikashani na ngapi zilizotumbukia kwenye barua taka. Hapo tunahitaji istilahi mbili.

Ya kwanza ni upokelewaji. Seva ya mpokeaji inapoikubali barua, huijibu seva ya mtumaji kwa namba 250. Ikiikataa moja kwa moja, kwa mfano kwa sababu anwani haipo, hujibu kwa namba inayoanza na 5, na barua hiyo huitwa barua iliyorudi. Ya pili ni ufikaji kikashani, yaani uwezo wa barua kupita vichujio na kukaa mahali ambapo mwenyewe ataiona. Kiingereza kimeyatoa majina ya mambo haya mawili kwenye kitenzi kimoja, ndiyo maana yanachanganywa. Kiswahili kina kupokea na kufika. Tuvitumie vyote viwili.

Barua inayozungumzwa hapa ni ile ya kibiashara anayotumiwa mtu asiyekufahamu. Tukitafsiri neno kwa neno tutapata “barua pepe baridi”, jina lisilomweleza Mswahili chochote. Napendekeza barua ya hodi. Mstaarabu hupiga hodi hadi mara tatu, na asipoitikiwa huondoka. Mtumaji naye asimwandikie tena na tena mtu aliyenyamaza.

Kwa nini vichujio ni vikali? Kanuni za kusafirisha barua pepe alizoandika Jon Postel mwaka 1982 hazikuwa na njia ya kuhakiki kama mtumaji ndiye anayejitaja. Pengo hilo limezibwa baadaye kwa hatua tatu. SPF, au idhini ya seva, ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa fulani, yaani sehemu ya anwani inayofuata alama ya @. DKIM, au saini ya kikoa, ni saini ya kidijitali inayothibitisha kwamba barua imetoka kwenye kikoa hicho na haikubadilishwa njiani. DMARC, au agizo la kikoa, huieleza seva ya mpokeaji la kufanya uhakiki unaposhindikana: iipitishe barua, iitenge au iikatae.

Hata hivyo, kuthibitisha jina hakumfanyi mtu aaminike. Linabaki suala la sifa ya mtumaji, ambayo hujengwa na mwenendo wake. Barua nyingi zikirudi, au wapokeaji wengi wakiziripoti kuwa taka, sifa hushuka na hata barua halali za kikoa hicho huanza kupotea. Kwa hiyo kikoa kipya huzoeshwa kwa kutuma barua chache kwanza, kisha kuongeza kidogo kidogo.

Tangu Februari 2024, Google inawataka wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail wawe na SPF, DKIM na DMARC, waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja kwenye barua za matangazo, na wasiruhusu kiwango cha malalamiko kufikia asilimia 0.3. Hiyo ni sawa na walalamikaji 3 katika kila barua 1,000.

Sheria nazo zinabana. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inadai ridhaa ya wazi, au idhini ya sheria, kabla ya data binafsi kutumiwa kibiashara. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Basi unayenunua orodha ya anwani elfu kumi usizojua zilikotoka, acha. Waandikie wachache wenye sababu ya kukusikiliza, waeleze wewe ni nani, na wape njia rahisi ya kukataa. Ufikaji kikashani hauna njia ya mkato.