JINSI YA KUMPATA MWALIMU WA MAZOEZI ANAYEENDANA NA LENGO LAKO

Leo naomba tuongelee kitu ambacho wengi tunakikosea halafu tunasema mazoezi hayana faida: kumpata mwalimu wa mazoezi anayekufaa WEWE, siyo anayemfaa jirani yako.

Naanza na yangu. Nilipomaliza form four nilisikia kampuni moja ya ulinzi inaajiri, na kwenye usaili kuna mbio. Nikajichanga, nikaenda jimu moja hapa Dar (jina kapuni), nikamlipa jamaa mwenye kifua kama kabati. Miezi miwili nikabeba vyuma tu. Mikono ikajaa, mtaani wakaanza kuniita baunsa. Siku ya usaili tukakimbizwa kilomita 5... ya pili tu nilikuwa chini ya mwarobaini natapika! Kazi ikaenda kwa mshikaji mwembamba aliyekuwa anakimbia Coco Beach bure kila asubuhi. Yule mwalimu hakuniibia. Kosa ni kwamba hakuniuliza nataka nini, na mimi sikumwambia.

Haya yamenirudia mwezi juzi, mama mdogo alipoambiwa hospitali kuwa presha iko juu na apunguze uzito. Akanipa kazi ya kumtafutia mwalimu. Safari hii sikutaka kubahatisha, nikasoma na kuulizia. Nilichokipata ni hiki:

1. LENGO KWANZA. Mwili unazoea kile unachoufanyisha. Ukitaka mbio, kimbia. Ukitaka misuli, beba vyuma na uongeze uzito kidogo kidogo. Kama unataka afya tu, Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2020 lilishauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea haraka haraka, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Kwa hiyo muulize mwalimu: umeshawahi kumfundisha mtu mwenye lengo kama langu? Akufafanulie alimpitisha wapi. Kifua chake kikubwa siyo jibu, hicho ni lengo lake yeye.

2. AKUULIZE KABLA YA KUKUFUNDISHA. Mwalimu wa kweli anauliza una presha, sukari, pumu, maumivu ya kifua, goti bovu, ujauzito, na dawa unazotumia. Siyo umbea huo. Mtu akibana pumzi huku ananyanyua kitu kizito, presha inapanda ghafla. Anayechoma insulini sukari inaweza kushuka akiwa katikati ya mazoezi. Asipojua, atakusaidiaje?

3. CHETI. Mtu yeyote anaweza kununua filimbi akajiita kocha. Vyeti vinavyojulikana sana duniani ni kama vya ACE, ACSM na NASM vya Marekani. Ili kuvipata inabidi mtu awe amefundishwa pia kumkandamiza kifua aliyesimama moyo. Angalia tarehe, maana vinahuishwa kila miaka 2 au 3. Wapo walimu wazuri wasio na vyeti hivyo, hasa wanamichezo wa zamani, lakini huduma ya kwanza lazima awe anaijua.

4. OGOPA AHADI TAMU. Akikwambia utapunguza kilo 10 ndani ya wiki 2, KIMBIA. Wataalamu wanashauri nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, yaani kilo 10 ni wiki 10 hadi 20. Akianza kukuuzia vidonge au sindano za kujaza misuli, kimbia zaidi. Na akikukamua siku ya kwanza mpaka mkojo unatoka rangi ya kola, siyo ushujaa huo, misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Wahi hospitali.

5. LIPIA SIKU MOJA KWANZA. Usikimbilie kulipa mwezi mzima. Angalia kama anakutazama au anachati kwenye simu, kama anakurekebisha mgongo ukichuchumaa, kama anaandika ulichofanya. Kina dada, akikushika bila kukuomba ruhusa, hata usimalize saa yako.

Sasa mama mdogo. Mwalimu wa kwanza alimtazama tu akasema "mama, tutakukausha mpaka watu wakushangae", akataka aanze na kuruka kamba hapo hapo. Tukamshukuru, tukaondoka. Wa pili ni mama wa makamo, hana misuli ya kutisha. Aliuliza maswali karibu nusu saa, akataka aone karatasi ya daktari, akaanza naye kwa kutembea dakika 20 na kukaa na kusimama kwenye kiti. Mama mdogo akalalamika kuwa analipia kutembea! Leo ni wiki ya sita. Amepungua kilo 3, na ngazi za kwake anapanda bila kusimama. Dawa za presha hajaacha, na mwalimu mwenyewe kamwambia asithubutu kuacha bila daktari.

Mimi nimerudi kwenye mbio, peke yangu, bure. Usaili mwingine ukitokea wataniona.

Wadau mnaojua walimu wazuri, au mliolizwa kama mimi, mwageni uzoefu wenu hapo chini tusaidiane. Naomba kuwasilisha.